Wamaasai wa Nyeri: Wavamizi waliokuwa pia wafanyabiashara na jamaa

MJI wa Othaya, ulio kusini mwa Kaunti ya Nyeri, hujulikana na Wakenya wengi kwa mambo mawili. La kwanza ni majani chai yanayofunika miinuko yake. La pili ni Mwai Kibaki, rais wa tatu wa Kenya, aliyezaliwa katika kijiji cha Gatuyaini mwaka 1931 na kuwakilisha eneobunge la Othaya kuanzia 1974 hadi 2013.

Lipo jambo la tatu lisilotajwa sana: eneo hili lilikuwa mpakani. Upande wa magharibi inasimama milima ya Nyandarua. Ng'ambo ya milima hiyo, katika uwanda wa Kinangop na Bonde la Ufa, palikuwa malisho ya Wamaasai hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Upande wa kaskazini, ukiupita mji wa Nyeri, Wamaasai wengine walichunga katika mbuga za Laikipia.

Simulizi nyingi kuhusu majirani hao zina sura moja tu. Mmaasai anatajwa kuwa kijana mwenye mkuki na ngao aliyejitokeza msituni alfajiri, akaswaga ng'ombe na kutokomea. Simulizi hizo si za uongo. Mashambulizi yalikuwapo, watu waliuawa, na wanawake na watoto walitekwa. Kasoro yake ni kwamba zinaeleza sehemu ndogo ya uhusiano uliodumu kwa vizazi, kisha sehemu hiyo ikachukuliwa kuwa ndiyo habari yote.

Kasoro hiyo si ya wanahistoria peke yao. Mnamo Oktoba 1993, wakulima wengi wao Wakikuyu walifurushwa Enoosupukia, katika Narok ya wakati huo, na baadhi yao wakauawa. Mnamo Januari 2005, wakulima na wafugaji wa jamii hizi mbili walipigana Mai Mahiu kwa sababu ya maji ya mto, na watu zaidi ya 10 wakapoteza maisha. Katika visa vyote viwili walikuwepo waliodai kwamba huo ni uadui wa tangu jadi, usioweza kutarajiwa kwisha. Historia ya Nyeri haikubaliani nao.

Funzo kutoka Ulaya

Nyeri si mahali pa pekee ambapo jina la kazi moja limefunika maisha ya jamii nzima. Mfano unaofahamika zaidi duniani ni ule wa Waviking, watu wa nchi ambazo leo ni Norway, Sweden na Denmark, waliotia hofu Ulaya kuanzia mwishoni mwa karne ya nane.

Mwaka 793 walishambulia makao ya watawa katika kisiwa cha Lindisfarne, pwani ya kaskazini mashariki mwa Uingereza. Katika nchi zilizoshambuliwa, waliojua kuandika wakati huo walikuwa hasa watawa, nao ndio walioporwa. Haishangazi kwamba kumbukumbu walizoacha zilijaa moto, damu na mali ya kanisa iliyoibwa.

Lakini wachimbuaji wa mabaki ya kale wamefukua habari nyingine. Katika ardhi ya Sweden zimepatikana sarafu nyingi za fedha zilizotengenezwa katika nchi za Waislamu, zilizofika huko kwa njia ya biashara ya ngozi za wanyama na watumwa kupitia mito ya Urusi. Watu hao hao walihamia Iceland kuanzia miaka ya 870 wakalima na kufuga, kisha wakafika Greenland. Kutoka huko walivuka hadi Newfoundland, Kanada, ambako mabaki ya makazi yao yaligunduliwa katika miaka ya 1960. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kwamba miti iliyotumiwa katika makazi hayo ilikatwa mwaka 1021, karibu miaka 500 kabla ya Christopher Columbus kuvuka bahari.

Katika lugha ya kale ya watu hao, neno lililozaa jina la Viking halikuwa jina la kabila. Lilimtaja mtu aliyekwenda baharini kupora. Wakulima, wahunzi, mabaharia na wake zao hawakuwa Waviking kwa maana hiyo, na hata mporaji mwenyewe aliweza kurudi nyumbani akashika jembe. Karne zilizofuata zikachukua jina la shughuli na kulifanya jina la taifa.

Morani si kabila

Katika jamii ya Wamaasai, aliyekwenda vitani alikuwa morani, yaani kijana aliyetahiriwa na kuingia katika rika la wapiganaji. Umorani ni kipindi cha maisha, na kila kipindi kina mwisho. Baada ya miaka kadhaa rika lote huvuka kwa sherehe na kuingia uzeeni, nao waliokuwa wapiganaji huoa, hujenga maboma na kusimamia mifugo. Nyuma ya kila morani walikuwepo wazee waliotoa uamuzi, wanawake waliokamua na kujenga nyumba, na watoto waliochunga ndama.

Wakikuyu nao walikuwa na marika yao ya vijana. Nao walivuka msitu usiku kwenda kuteka ng'ombe wa Wamaasai, na kijana aliyerudi na mifugo alisifiwa kijijini kama alivyosifiwa mwenzake wa upande wa pili. Hakuna jamii iliyokuwa mvamizi daima na nyingine mhanga daima.

Mazingira yenyewe yaliweka mizani. Katika uwanda wa wazi, Mmaasai mwenye mkuki alikuwa na nguvu kubwa. Lakini Wakikuyu waliacha ukanda wa msitu baina yao na mbuga, wakachimba mashimo ya mitego kwenye njia nyembamba na kumsubiri adui kwa mishale yenye sumu. Kwa hiyo Wamaasai hawakuweza kuiteka milima, wala Wakikuyu kuiteka mbuga. Pande mbili zisizoweza kushindana hadi mwisho hulazimika kutafuta njia nyingine ya kuishi.

Soko katikati ya vita

Njia hiyo ilikuwa biashara. Mwanahistoria Godfrey Muriuki, katika kitabu chake kuhusu historia ya Wakikuyu kati ya 1500 na 1900 kilichochapishwa mwaka 1974, ameeleza jinsi biashara hii ilivyostawi hasa katika sehemu za mpakani kama vile Nyeri na Kabete.

Chanzo chake kilikuwa mahitaji. Wamaasai waliishi kwa maziwa, nyama na damu, lakini kiangazi kilipozidi, ng'ombe walikauka maziwa. Kwa kuwa morani alikatazwa na mila kula vyakula vya shambani, waliohitaji nafaka zaidi walikuwa wanawake, watoto na wazee. Kutoka milimani walipata wimbi, mtama, maharagwe, ndizi, viazi vikuu, asali na tumbaku. Vilevile walinunua vibuyu vya kuwekea maziwa, udongo mwekundu wa kujipaka, na mikuki na panga zilizofuliwa na wahunzi wa Kikuyu.

Mkikuyu naye alihitaji kile alichokuwa nacho Mmaasai. Alipokea mbuzi, kondoo, ng'ombe, ngozi na mavazi ya ngozi. Bila mbuzi hapakuwa na mahari, hapakuwa na dhabihu, wala mtu hakuweza kulipa faini mbele ya baraza la wazee. Hivyo kikapu cha wimbi kilichopelekwa mbugani kiliweza kurudi kikiwa mbuzi, mbuzi akaongezeka zizini, na hatimaye kijana akaoa. Shamba la mlimani na boma la mbugani viliunganishwa na uzi ambao vita havikuukata.

Waliobeba biashara hiyo walikuwa wanawake. Walitoka kwa makundi, mizigo mgongoni ikishikiliwa na mshipi wa ngozi uliopita juu ya paji la uso, wakapanda msitu na kuteremkia upande wa pili. Kulikuwa na desturi iliyoheshimiwa na pande zote kwamba wanawake wa biashara hawaguswi, hata katika majira ambayo vijana wa jamii hizo mbili walikuwa wakiuana. Mume aliweza kuwa amelinda njia ya msituni kwa upinde juma hilo hilo ambalo mkewe alilala katika boma la Wamaasai akisubiri kukamilisha biadhaa yake.

Msafara haukwenda bila mwenyeji. Aliyeuongoza aliitwa hinga, mtu aliyejua Kimaasai na Kikuyu kwa ufasaha, na mara nyingi mwenye jamaa pande zote mbili. Kazi yake ilikuwa kuwapitisha wafanyabiashara, kuwatambulisha kwa wenyeji na kuhakikisha kwamba wanarudi salama. Katika Kikuyu neno hilo hutumiwa pia kwa mtu mwenye nyuso mbili, mnafiki. Maana hiyo yaonyesha mashaka yaliyomzunguka mtu wa mpakani: kila upande ulimhitaji, lakini hakuna uliokuwa na hakika naye kikamilifu.

Waliokuja wakabaki

Zaidi ya uvamizi na biashara kulikuwa na jambo lililoacha alama ya kudumu zaidi, nalo ni makazi. Katika karne ya 19 makundi ya Wamaasai yalipigana yenyewe kwa yenyewe kwa ajili ya malisho na maji. Katika miaka ya 1870, Wamaasai wa Laikipiak walishindwa na ndugu zao wakiongozwa na Wapurko, wakasambaratika. Baadhi ya walionusurika walikimbilia Meru na wengine Nyeri. Waliokimbilia Nyeri waliingia kwa Wakikuyu wale wale ambao simulizi zinasema walikuwa maadui wao wa milele.

Msiba mkubwa zaidi ulifuata. Ng'ombe walikumbwa na homa ya mapafu katika miaka ya 1880, kisha mnamo 1890 na 1891 ukaingia ugonjwa wa sotoka, uliofagia mifugo kote Afrika Mashariki. Mwaka 1892 ndui ikawashambulia watu wenyewe. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake wote hakuwa amepoteza mali tu, bali chakula, mahari na heshima. Familia nyingi za Wamaasai ziligeukia milima. Wapo walioomba hifadhi, na wapo waliowaacha watoto wao katika nyumba za Wakikuyu ili wapate nafaka, wakitumaini kuja kuwachukua hali itakapotengemaa. Baadhi ya watoto hao hawakurudi tena.

Mgeni hakubaki mgeni daima. Mila ya Kikuyu iliruhusu mtu wa nje kuingizwa katika mbari, yaani ukoo wenye ardhi, kwa sherehe ya kuchinja mbuzi ambayo wenyewe huitaja kuwa ni kuzaliwa upya. Baada ya hapo aliitwa ndugu, akaoa na watoto wake wakawa Wakikuyu. Wengine walianza kama wapangaji walioruhusiwa kulima bila kumiliki ardhi, kisha wakaunganishwa kwa ndoa. Wasichana waliotekwa vitani pia waliolewa na kuzaa, ingawa haifai kusahau kwamba wao hawakuulizwa iwapo walitaka.

Alama za mchanganyiko huo zilionekana hata katika tohara, mlango wa kuingia utu uzima. Kulikuwa na taratibu mbili za sherehe hiyo, moja ikiitwa ya Kikuyu na nyingine Ukabi, ambalo ndilo jina ambalo Wakikuyu huwaita Wamaasai. Familia zenye asili ya Kimaasai zilifuata utaratibu wa pili. Kwa maneno mengine, Mkikuyu aliweza kuwa Mkikuyu kamili huku ukoo wake ukikiri waziwazi kwamba ulitoka mbugani.

Lugha pia ni shahidi. Jina la Mungu, Ngai, ambalo Mkikuyu hulitaja akielekeza uso Kirinyaga, lina asili moja na Enkai wa Wamaasai. Nanyuki, mji ulio chini ya Mlima Kenya, umepata jina lake kutokana na neno la Kimaasai lenye maana ya wekundu. Nairobi nayo imetokana na maneno ya Kimaasai yanayotaja maji baridi. Mtu hawezi kusafiri kutoka Othaya hadi jiji kuu, akarudi na kupanda hadi Nanyuki, bila kutamka Kimaasai njiani.

Safari haikuwa ya upande mmoja. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilipowasaka vijana wa kubeba mizigo ya jeshi, Wakikuyu kadhaa walikwenda kuishi katika nchi ya Wamaasai. Mmoja wao alikuwa kijana aliyekaa Narok, akavaa ukanda wa shanga wa huko, na baadaye akajulikana ulimwenguni kwa jina la Jomo Kenyatta.

Kwa nini sura moja ilibaki

Ikiwa mambo yalikuwa hivyo, kwa nini picha ya morani mwenye mkuki ndiyo iliyoshinda? Sababu ya kwanza inafanana na ile ya Ulaya: inategemea ni nani aliyesimulia. Wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani walieneza sifa za ukatili wa Wamaasai, na tishio hilo liliwafaa, kwa kuwa liliwazuia washindani kuingia bara. Wamisionari na wasafiri wa Ulaya walizipokea habari hizo wakaziandika. Joseph Thomson, aliyepita katika nchi ya Wamaasai mwaka 1883, alifika salama na kurudi salama, lakini wasomaji wa kitabu chake cha 1885 walikumbuka zaidi hatari kuliko mazungumzo na zawadi zilizompitisha.

Sababu ya pili ni ukoloni. Waingereza walipokuwa wakiimarisha utawala wao, waliwatumia morani kama askari wa ziada katika misafara kadhaa dhidi ya Wakikuyu, na kuwalipa kwa sehemu ya mifugo iliyotekwa. Kituo cha serikali cha Nyeri kilianzishwa Desemba 1902, katika msafara ambao afisa Richard Meinertzhagen alishiriki. Kwa wanavijiji walioona nyumba zikiteketea, mkuki wa Mmaasai na bunduki ya Mwingereza vilikuja pamoja. Uvamizi wa namna hiyo haukuwa tena wa majirani wanaojuana, kwa maana haukuwa na hinga wala soko la kurudia baada ya mapigano.

Hata katika kipindi hicho mstari haukufuata kabila kwa unyoofu. Wang'ombe wa Ihura, mmoja wa viongozi mashuhuri wa Nyeri mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa na uhusiano wa karibu na Wamaasai wa upande wa Laikipia, na aliweza kuwategemea katika ushindani wake na Wakikuyu wenzake.

Sababu ya tatu ni kwamba ujirani wenyewe ulikatwa. Kwa mkataba wa 1904, Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi, wakagawanywa kati ya Laikipia na upande wa kusini. Kwa mkataba wa 1911 walihamishwa tena kutoka Laikipia, nayo kesi waliyowasilisha mahakamani kupinga hatua hiyo ikatupwa mwaka 1913. Wazungu walichukua mashamba, na Wakikuyu wengi wakaenda huko kama vibarua na maskwota. Wanawake wa Nyeri waliovuka msitu na vikapu vya wimbi hawakuwa tena na boma la kufikia. Biashara ilipokufa, kumbukumbu yake ilififia. Kumbukumbu ya vita ilibaki, kwa sababu vita husimuliwa, ilhali kununua na kuuza ni mambo ya kila siku ambayo hakuna anayeyatungia sifa.

Deni la historia

Wamaasai walipodai ardhi ya Laikipia kwa maandamano mnamo Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa kwanza, mjadala uligeuka upesi kuwa wa makabila. Haya ni madai ya kisheria yanayostahili kujibiwa kwa sheria, na Katiba ya 2010 iliunda Tume ya Kitaifa ya Ardhi ikaipa jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi. Lakini hakuna tume inayoweza kupatanisha watu wanaoamini kwamba hawakuwahi kuwa chochote ila maadui.

Kuwaona Wamaasai wa kale kama wafanyabiashara, wakimbizi na jamaa si kuwatakasa, kama ambavyo sarafu za fedha za Sweden haziwatakasi waliochoma Lindisfarne. Aliyeuawa aliuawa, na aliyetekwa alitekwa. Tofauti ni kwamba anayejua habari yote hawezi kudanganywa kwa nusu yake. Mwanasiasa anayewaambia vijana wa Othaya au wa Narok kwamba jirani yao ni adui wa asili anawaomba wasahau nyanya zao, waliovuka msitu wa Nyandarua bila silaha na kurudi na mbuzi.

Katika miinuko ya Nyeri zipo familia ambazo bado zinajua ni babu yupi alikuja kutoka mbugani. Wazee wanaokumbuka ukoo huo wanazidi kupungua. Anayetaka kujua, na amwulize mzee wake mapema.